Nyumba moja, watoto watatu, ndoa mbili: je, wosia unatosha?

Swali: Mimi ni mama wa miaka 41. Mume wangu ana miaka 52. Kabla yangu alikuwa na ndoa nyingine iliyoisha kwa talaka, na huko ana watoto wawili wakubwa, wa miaka 19 na 23. Sisi wawili tuna binti wa miaka 6. Nyumba tunayoishi ina jina lake, akaunti ya akiba ni yake, na ana bima ya maisha na pensheni kupitia kazini. Mimi nina akaunti yangu ndogo na nusu ya biashara ninayoendesha na dada yangu. Nikimwambia tuandike wosia ananijibu kwamba sisi si matajiri. Kaka yake ndiye kabisa, anasema kuandika wosia ni kujiitia kifo. Je, wosia mmoja unatosha? Na tuanzie wapi?

Jibu: Dada, wosia mmoja hautatosha, na wala siyo karatasi ya kwanza ninayotaka muishike. Katika orodha yako kuna vitu viwili, bima ya maisha na pensheni, ambavyo katika nchi nyingi havipiti kwenye wosia kabisa. Vinakwenda kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye fomu ya wanufaika. Mumeo anaweza kuandika wosia mzuri, akausaini mbele ya mashahidi, akasema humo kwamba bima yake wagawane mke wake na watoto wote watatu, na bado kampuni ya bima ikamlipa mtu mwingine, kwa kuwa fomu aliyoijaza siku alipoajiriwa inasema hivyo. Sasa jiulize aliajiriwa lini. Kama ni wakati wa ndoa ile ya kwanza, huenda jina lililomo si lako.

Mambo haya yameshafika mahakamani. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi inayojulikana kama Egelhoff dhidi ya Egelhoff. Mwanamume mmoja aliachana na mkewe mwaka 1994, na miezi michache baadaye akafa kutokana na ajali ya gari. Hakuacha wosia, na fomu za bima na pensheni ya kazini zilikuwa bado zina jina la mtalaka wake. Watoto aliowazaa katika ndoa ya awali walidai fedha zile, na jimbo lao kweli lilikuwa na sheria inayolifuta jina la mtalaka mara talaka inapotoka. Mahakama ikasema mafao ya kazini yanatawaliwa na sheria ya taifa, na sheria hiyo inamtaka mlipaji afuate fomu. Mtalaka akalipwa, watoto wakakosa. Hakuna aliyefanya hila yoyote. Kulikuwa na karatasi tu ambayo haikubadilishwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni hii: mumeo aombe kazini na kwenye kampuni ya bima nakala ya kilichoandikwa sasa hivi, na asitegemee anachokumbuka kuwa aliandika. Nakala mkononi. Akikuta jina lisilofaa, mara nyingi kulibadilisha ni suala la fomu moja na saini. Aandike pia mnufaika wa akiba, yaani wa kuchukua nafasi endapo wa kwanza atatangulia kufa. Na asimwandike binti yenu wa miaka 6 moja kwa moja. Kampuni haimkabidhi mtoto fedha. Zitazuiwa hadi mahakama imteue mtu wa kuzishika, na si lazima mtu huyo awe ambaye ninyi mngemchagua. Kama mnataka fedha ziende kwa mtoto, ziende kupitia mdhamini, yaani mtu wa kuzishika kwa niaba yake, mliyemteua ninyi wenyewe kwa maandishi.

Hapo wosia haujaguswa, na pengine fungu kubwa kuliko yote ya fedha zenu litakuwa limeshapata njia sahihi.

Nije kwenye kauli ya mumeo kwamba si matajiri. Naielewa, ila imekaa kinyume. Tajiri mwenye nyumba tano na watoto watatu anaweza kufa bila mpango na kila mmoja bado akapata paa. Ninyi mna nyumba moja. Nyumba moja haigawanyiki kwa watu wanne isipokuwa kwa kuuzwa, na mmoja wa hao wanne ndiye anayelala ndani yake na mtoto wa shule. Mali ikiwa ndogo, kosa moja la karatasi linaila yote, na gharama za kesi zinaila ile iliyobaki. Matajiri nao hukosea, tena sana. Mwanamuziki Prince alikufa Aprili 2016 bila wosia, na mirathi yake, iliyokadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 156, ilifungwa mwaka 2022. Miaka sita. Warithi wake waliweza kusubiri na bado kikabaki kitu. Wewe hutaweza kusubiri miaka sita kujua kama unaishi kwako au kwa watu.

Baada ya fomu, chukueni daftari muandike kila kitu mlicho nacho na kila deni mnalodaiwa. Mbele ya kila kitu andikeni jina gani liko kwenye hati, na kitapita njia gani mwenyewe akifa. Njia zenyewe ni chache. Kuna vitu vinavyofuata fomu, hivyo nimeshavisema. Kuna vitu vinavyomilikiwa kwa pamoja. Vinavyobaki ndivyo vinavyofuata wosia, na kama wosia haupo, vinafuata sheria ya mirathi ya nchi au ya dini yenu.

Umiliki wa pamoja unawaponza watu wengi. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, hati yenye majina mawili inaweza kuwa na maana mbili tofauti kabisa. Ya kwanza: mmoja akifa, aliyebaki anachukua yote papo hapo, na wosia hauna la kusema. Ya pili: kila mmoja ana fungu lake, na akifa fungu lake linaingia kwenye mirathi. Ukiangalia majina tu hutaona tofauti. Imo kwenye maneno yaliyotumika wakati wa kusajili. Mkifikiria kuliongeza jina lako kwenye hati ya nyumba, na ni jambo la kufikiria, ulizeni kwanza mnasajili umiliki wa aina ipi. Ule wa kwanza unakulinda wewe kikamilifu na unawaacha wale watoto wawili wakubwa bila chochote katika nyumba ya baba yao. Je, ndivyo mumeo anavyotaka? Huenda ndivyo. Lakini na awe ameamua mwenyewe, isije ikatokea kwa bahati mbaya tu.

Kuna njia mbili za mkato ambazo mtashauriwa na watu wema, na zote mbili nazipinga. Moja ni kuiandika nyumba sasa hivi kwa jina la mtoto mkubwa "ili kuepuka usumbufu wa mirathi". Mara ikiwa yake, ni yake. Wadai wake wanaweza kuifuata, ndoa yake ikivunjika inaweza kuingia kwenye mgawanyo, na akifa kabla ya baba yake inakwenda kwa warithi wake yeye. Nyingine ni kuliongeza jina la mtoto mkubwa kwenye akaunti ya akiba ili awe anasaidia kutoa fedha. Siku ya msiba benki inaweza kuhesabu fedha zilizomo kuwa za aliyebaki, na ndugu zake watakuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba baba alitaka msaada tu, hakutaka kumpa. Kama anahitaji msaidizi kuna hati ya kufanya hivyo, nitaifikia.

Sasa sehemu ngumu, ambayo ndiyo hasa iliyokufanya uandike ingawa hukuitaja kwa jina. Mke wa pili na watoto wa ndoa ya kwanza.

Mumeo asipoacha wosia, sheria itagawa. Uingereza, kwa mfano, mwenzi aliyebaki hupata vitu vya nyumbani, pauni 322,000 za mwanzo (kiwango kilichowekwa Julai 2023), na nusu ya kinachozidi. Nusu nyingine ni ya watoto wote wa marehemu, wa ndoa yoyote ile. Kwingineko mwenzi hupata sehemu tu, na kila mtoto akawa na sehemu yake ndani ya nyumba ileile. Kwa sheria ya Kiislamu mke hupata thumni, yaani moja ya nane, ikiwa marehemu ameacha watoto. Mara nyingi matokeo yanafanana: wewe na vijana wawili ambao hukuwazaa mnakuwa wadai wa nyumba moja, na mmoja wao akitaka fungu lake kwa fedha taslimu, njia ya haraka ni kuuza.

Wanaume wengi katika hali ya mumeo huenda upande wa pili. Huandika "mali yangu yote apewe mke wangu", wakiamini kwamba mke atawakumbuka watoto wote. Sikushuku, dada. Lakini fikiria wewe una miaka 41. Unaweza kuishi miaka arobaini zaidi baada yake. Unaweza kuolewa tena, na katika baadhi ya nchi, Uingereza ikiwamo, ndoa mpya inaufuta wosia wa zamani. Unaweza kukosana na vijana wale. Unaweza kufa bila wosia, na hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui: katika nchi nyingi mtoto wa kambo si mrithi wa mama yake wa kambo akifa bila wosia, hata kama alimlea tangu akiwa mchanga, isipokuwa kama alimwasili kisheria. Mali ya baba yao ingepita kwako ikaenda kwa binti yako peke yake, au hata kwa mume wako mpya, na hakuna ambaye angekuwa amevunja sheria.

Njia ya katikati ipo, na kama mngekuwa mbele yangu ndiyo ningeizungumza kwa muda mrefu zaidi. Mumeo anaweza kukuachia haki ya kuishi katika nyumba kwa muda wote wa uhai wako, huku umiliki wenyewe ukienda kwa watoto watatu, nao wakashika nyumba baada yako. Wewe hupotezi paa, wao hawapotezi urithi. Mifumo mingi ya sheria ina namna yake ya kufanya hivi: kwa mfumo wa Kiingereza ni kupitia amana, yaani mdhamini anaishika nyumba kwa faida yako na ya watoto, na kwa mfumo wa Kifaransa ni kwa kutenganisha haki ya kutumia na umiliki.

Lakini hati ya namna hiyo ikiandikwa kwa sentensi moja huzaa ugomvi wa miaka. Inatakiwa ijibu maswali madogomadogo. Paa likivuja nani analipa? Kodi ya ardhi je, na bima ya nyumba? Ukitaka kuhamia nyumba ndogo zaidi, nyumba hii inaweza kuuzwa na haki yako ikahamia kwenye nyingine? Ukiolewa tena, haki inaendelea au inakoma? (Msiache swali hilo kwa haya. Najua ni gumu kulisema mbele ya mume, ila baada ya msiba litasemwa na watu wengine, kwa sauti kubwa zaidi.) Ukiamua kuipangisha, kodi ya pango ni ya nani? Na kijana wa miaka 23 asubiri miaka arobaini ndipo apate kitu? Hapa ndipo bima ya maisha inaposaidia: watoto wakubwa wanaweza kuandikwa wanufaika wa sehemu ya bima, wapate chao mapema na kwa fedha taslimu, ili wasiwe wanahesabu miaka yako. Ndiyo maana nilitaka fomu zitangulie. Mkijua bima inakwenda wapi, mtajua wosia unahitaji kufanya kazi gani.

Je, mumeo ana uhuru wa kugawa apendavyo? Inategemea sheria inayomhusu, na tofauti ni kubwa. Uingereza mtu ana uhuru mpana, ingawa sheria ya mwaka 1975 inawaruhusu mwenzi, watoto na wategemezi kwenda mahakamani kudai matunzo kama wameachwa bila cha kutosha. Ufaransa mwenye watoto watatu, kama mumeo, hawezi kugusa robo tatu ya mali yake. Hizo ni za watoto, naye ana robo moja tu ya kutoa atakavyo. Kwa Waislamu kuna mpangilio unaojulikana: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wosia usiozidi theluthi moja ya kilichobaki, kisha mafungu ya warithi. Wosia kwa mtu ambaye tayari ni mrithi haupiti bila ridhaa ya warithi wengine. Hukunitajia dini yenu. Kama ni Waislamu, kumbukeni kwamba mahari ambayo bado hujalipwa ni deni la marehemu na hutolewa kabla ya mirathi. Kumbukeni pia kwamba ile theluthi inafaa hasa kwa watu wasio na fungu, kama mtoto wa kambo au mtoto mliyemlea. Wewe binafsi ukitaka kuwakumbuka wale vijana wawili, mlango wako ni huo. Anayetaka kutoa zaidi akiwa hai hutoa hiba, lakini hiba inataka kitu kikabidhiwe kweli, mwenye kupewa akakishika. Karatasi ya hiba iliyofichwa kabatini hadi mwenye kuitoa afe mara nyingi huangushwa.

Madeni nimeyagusa. Niongeze tu kwamba katika mfumo wa Kiingereza deni hulipwa na mali ya marehemu, na warithi hawadaiwi mifukoni mwao isipokuwa walidhamini au walikopa pamoja naye. Katika mfumo wa Kifaransa mrithi anayepokea urithi bila masharti hupokea na madeni, ndiyo maana hupewa nafasi ya kukataa, au kupokea kwa kiwango cha mali iliyopo tu. Angalieni mlidhamini nani.

Kuna jambo ambalo wanaoongea habari za wosia hulisahau, nami naliweka juu ya wosia wenyewe kwa watu wa umri wenu. Mtu anaweza asife. Anaweza kupata kiharusi akabaki hai, macho yakiwa wazi, asiweze kusaini hata jina lake. Wosia hauna kazi hapo, kwa sababu mwenyewe yupo. Akaunti ya akiba ni yake, na benki haitakupa fedha kwa sababu tu wewe ni mke. Nyumba ni yake, huwezi kuikopea ili ulipe hospitali. Ninachotaka mfanye ni hati ya uwakili, yaani karatasi inayompa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yako, ambayo ndiyo ile niliyosema inafaa kuliko kuweka jina la mtoto kwenye akaunti. Sharti lake ni moja: hati ya kawaida ya uwakili katika nchi nyingi hufa pale mtoaji anapopoteza akili timamu, yaani inakufa siku ileile unapoihitaji. Ulizeni kama sheria yenu ina ile inayoendelea. Uingereza inaitoa kwa namna yake ya sasa tangu mwaka 2007, moja kwa mambo ya fedha na nyingine kwa afya. Ni lazima isainiwe mtu akiwa na akili zake. Baada ya hapo kinachobaki ni kwenda mahakamani. Na kila hati ya uwakili hukoma mwenyewe akifa. Anayeendelea kutoa fedha kwa hati hiyo baada ya mazishi, hata kwa nia njema, anajiingiza kwenye matatizo.

Upande wa matibabu, kesi ya Terri Schiavo wa Florida inajulikana dunia nzima. Alianguka mwaka 1990 akiwa na miaka 26, hakurudiwa na fahamu, na hakuwa ameandika popote angetaka nini. Mumewe akasema asingependa kuendelea kuishi kwa mpira wa chakula; wazazi wake wakapinga. Walipelekana mahakamani miaka mingi, hadi Bunge la Marekani likaingilia, naye akafariki Machi 2005. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema karatasi moja yenye jina la mtu wa kuamua ingewaepusha wote na mengi. Mwandikeni mtu huyo, mzungumze naye, na daktari wenu awe na nakala.

Binti yenu. Mmoja wenu akifa, mwingine anabaki na mtoto. Hilo kwa kawaida halina mgogoro. Swali ni mkifa wote wawili, na hilo huwekwa kwenye wosia kwa kumtaja mlezi. Tenganisheni anayelea na anayeshika fedha kama mnaweza. Shangazi anayempenda mtoto huenda hana nidhamu ya fedha, na mjomba mwenye nidhamu hiyo huenda hana subira ya kulea. Tena si lazima apewe zote akitimiza miaka 18. Mnaweza kuagiza ada na matunzo yatoke mfululizo, na fungu kubwa lije baadaye, tuseme miaka 25. Mwulizeni mlezi kabla ya kumwandika. Inashangaza jinsi watu wanavyopata habari ya ulezi makaburini.

Biashara yako na dada yako: kama hamna makubaliano ya maandishi, ukifa leo dada yako ataamka na shemeji yake kama mshirika. Andikianeni kwamba atakayebaki ana haki ya kununua fungu la mwenzake, na thamani itapatikana vipi.

Basi, wosia sasa. Kwa kuwa mmeshafika hapa, kuuandika ni kazi fupi kuliko mlivyodhani. Kila mmoja awe na wake. Msiandike mmoja wa pamoja, kwa sababu mmoja wenu akifa aliyebaki anaweza kujikuta amefungwa na karatasi asiyoweza kuibadilisha. Fuateni umbo linalotakiwa na sheria yenu, neno kwa neno. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1837, ambayo nchi nyingi zilirithi mfano wake, inataka mashahidi wawili wawepo pamoja wakati mwandishi anaposaini. Shahidi akiwa ni mnufaika, au mwenzi wa mnufaika, wosia unasimama lakini yeye anapoteza alichoachiwa. Kwa hiyo wewe usiwe shahidi wa wosia wa mumeo. Ufaransa wanakubali wosia usio na shahidi, mradi wote uwe umeandikwa kwa mkono wa mwenyewe, una tarehe na saini. Ukichapwa kwa kompyuta na kusainiwa tu, huo haufai. Mwaka 1948 mkulima mmoja wa Saskatchewan, Kanada, alibanwa na trekta lake akakwaruza kwa kisu kwenye bati la gurudumu kwamba akifa anamwachia mkewe vyote. Alikufa, na mahakama ikaukubali. Ni kisa kizuri cha kusimulia, na mfano mbaya wa kuiga.

Msimamizi wa mirathi msimchague kwa sababu ni mkubwa wa ukoo au kifungua mimba. Kazi yake ni kufuatilia benki, kulipa wadai, kutunza risiti, kuandika barua na kuvumilia kulaumiwa. Katika hali yenu ningeshauri asiwe wewe peke yako, wala kijana wa miaka 23 peke yake. Mtu wa tatu anayeheshimiwa na pande zote mbili ni bora, au wewe na kijana huyo pamoja na huyo wa tatu kama mwamuzi.

Wosia halisi uwe mahali ambapo msimamizi anaweza kuufikia bila kibali cha mtu. Sanduku la benki lenye jina la marehemu peke yake mara nyingi hufungwa hadi msimamizi athibitishwe, naye hathibitishwi bila wosia. Mwimbaji Aretha Franklin wa Marekani alikufa mwaka 2018 ikadhaniwa hakuacha wosia. Mwaka uliofuata zikapatikana karatasi za mkono wake nyumbani, moja ikiwa kwenye daftari ndani ya kochi, na watoto wake wakafika mbele ya baraza la mahakama mwaka 2023 ili iamuliwe ipi ni halali. Nywila za simu na akaunti msiziweke ndani ya wosia, kwani sehemu nyingi wosia ukishathibitishwa yeyote anaweza kuusoma. Ziwe kwenye bahasha tofauti.

Umebaki mtihani wa mumeo na kaka yake. Ushauri wangu ni usianze na yeye. Anza na zako: badilisha fomu zako, andika hati yako ya uwakili ukimtaja yeye, andika wosia wako, kisha mwite umwoneshe ni wapi ulipoviweka na nini unataka afanye. Mwanamume ambaye mkewe amemwambia "nimekuandalia wewe usipate shida" anakuwa katika hali tofauti na yule anayeulizwa "ukifa mimi nitapata nini". Baada ya hapo mwombe kitu kimoja tu kidogo, ile nakala ya fomu ya kazini. Usitaje wosia. Akikuta kwenye fomu ile jina ambalo hakulitegemea, mengine atayaanza mwenyewe. Shemeji naye mwache. Hatasaini kitu chochote hapa.

Wakili mtamhitaji, kwa sababu ya ile haki ya kuishi katika nyumba na kwa sababu ya ndoa mbili. Nendeni kwake na lile daftari, hati ya nyumba, fomu za bima na pensheni, cheti cha ndoa yenu na hati ya talaka ya zamani. Muulizeni kama talaka ile iliacha wajibu wowote ambao bado upo, maana amri ya matunzo inaweza kuwa deni juu ya mali. Rudieni karatasi zote akizaliwa mtoto, akifa aliyetajwa, ikinunuliwa ardhi, au mkihamia nchi nyingine. Na kama mumeo ana wosia wa zamani mahali fulani, asiuchane kabla ule mpya haujasainiwa na kabla mashahidi hawajaondoka chumbani.